Mashine ya Mvuke

Kasiva alikuwa na sikio la pumzi. Hakuzaliwa nalo, alilipata kando ya kitanda cha mumewe, Ndolo, mwaka ule vumbi la machimbo ya mawe ya upande wa Kinanie lilipomaliza kazi yake kifuani mwa mwanamume huyo. Tangu hapo hakuweza kukaa karibu na mtu asiisikie hewa yake ikiingia na kutoka. Kanisani Kangundo watu walisikiliza mahubiri, yeye akasikiliza mapafu ya padri. Na nyumbani, ambako walibaki wawili tu, alimsikiliza Nzisa, bintiye wa kidato cha tatu. Nzisa alikuwa na pumu ya utotoni, na msimu huu wa kahawa kifua chake kilikuwa kimeanza tena kupiga filimbi kila alipopanda kilima kutoka mtoni.

Alasiri moja Kasiva alizunguka nyuma ya jiko kutafuta kuni za kupikia muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa. Akaona wingu jeupe likipanda kutoka nyuma ya rundo la mabua ya mahindi. Alidhani ni moto, akakimbia. Lakini moto haunuki maembe, na wingu lile lilinuka maembe yaliyoiva.

Nzisa alikuwa amechuchumaa pale na sare yake ya shule. Mdomoni alikuwa na kitu cha bluu, kifupi, kama kalamu nene. Alipovuta, kitaa kidogo kiliwaka kwenye ncha. Alipotoa pumzi, wingu likatoka, zito, likakaa hewani kidogo kama linafikiri, kisha likayeyuka.

Kasiva hakupiga kelele. Aliegemea ukuta wa jiko. Wingu lile alilijua.

Katika wadi aliyolazwa Ndolo mlikuwa na mashine moja tu ya mvuke, kubwa kama bati la mkate. Muuguzi aliisukuma kwenye kigari kutoka kitanda hadi kitanda, akamvisha mgonjwa kinyago, akabonyeza swichi, na mvuke mweupe ukaanza kutoka. Kasiva aliona kwa macho yake mabega ya mumewe yakishuka, vidole vyake vikirudiwa na rangi, macho yakipata tena nafasi ya kumtazama mtu. Wagonjwa waliifuata mashine ile kwa macho jinsi mtoto anavyofuata sahani. Asubuhi aliyofariki Ndolo, mashine ilikuwa kitanda cha pili, ikimalizia kwa mzee mmoja wa Kithimani. Ilibaki kidogo tu imfikie.

"Ni ile mashine ya mvuke?" Kasiva aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani ibada ikiendelea.

Nzisa aliruka. Kitu kile kilikuwa bado mkononi. Hapakuwa na pa kukificha.

"Ile ya hospitali," mama akasema. "Ile ya baba yako. Siku hizi wanaitengeneza ndogo hivi?"

Msichana alimtazama mamake kwa muda. "Ndio, mwaitu," akasema mwishowe, kwa lile neno la Kikamba ambalo alimwitia mamake tangu alipojua kusema. "Ni ya kifua. Tulipewa na wale wa utafiti."

Na kweli watu wa utafiti walikuwa wamefika shuleni muhula uliopita. Walitoka chuo kikuu, wakapima wanafunzi urefu na uzito, wakawaambia wapulize kwenye mrija. Kasiva mwenyewe alikuwa ametia sahihi ya kumruhusu Nzisa apimwe. Kwa hiyo neno lile liliingia mahali pake bila kukwaruza.

"Basi vuta. Mbona umeacha?" Kasiva akasema. "Usiharibu dawa."

Nzisa akavuta mbele ya mamake. Wingu likatoka. Kasiva alilitazama likipanda juu ya mabua, juu ya paa la jiko, likipotea upande wa migomba, na machozi yakamlengalenga. Kitu ambacho wadi nzima iligombea, mtoto wake alikuwa nacho mfukoni.

Umeme wa nyumbani ulikuwa umekatwa tangu mazishi. Kasiva alipoona kitaa kinapepesa chekundu, alikifunga kile kitu ndani ya leso, akashuka nacho sokoni Jumamosi mpaka kwa Mbithi kinyozi, aliyechajia watu simu.

"Mbithi, nichajie hii."

Mbithi alizima mashine ya kunyolea. Alikigeuza kile kitu, akakinusa, akamtazama Kasiva, akakitazama tena. "Mama Nzisa. Hata wewe?"

"Si yangu. Ni ya mtoto."

"Ya Nzisa?"

"Kwani niko na mtoto mwingine? Inamsaidia sana. Akiikosa jioni anakuwa mkali hata kwa mbuzi."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa kimenyolewa, alicheka mpaka shuka likamdondoka. "Wacha kila mtu alee wake," akasema.

Mbithi hakucheka. "Lakini mama, unajua hii ni ya nini?"

"Mimi nitajulia wapi? Si daktari ndiye anajua?" Kasiva akatabasamu. "Ile ya hospitali ilikuwa kubwa hivi, Mbithi. Baba Nzisa angeona hii, angesema binadamu ameshinda."

Mbithi alitafuta waya unaoingia kwenye tundu lake. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Ndolo. Si rahisi kumwambia kitu mwanamke aliyefiwa ambaye ndiyo kwanza anatabasamu. Akachomeka waya.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi Kasiva alishuka sokoni na leso yake. Mara moja alikuta kile kitu kimetupwa katikati ya migomba, kimeingia matope mpaka kwenye tundu la waya. Alikisugua kwa pembe ya kanga, akakikausha kifuani mwake, akakichaji, akamrudishia Nzisa na maneno makali kidogo. "Watu wanakufa kwa kukosa hii, wewe unaiangusha kama kibiriti." Nzisa alikipokea kwa mikono miwili. Baada ya muda kikaja kingine, cha kijani, kinanuka minti.

"Daktari amebadilisha dawa?"

"Ndio, mwaitu."

Katika jumuiya, wakinamama walipokutana kwa Mukai kusali rozari, Kasiva alisimama akatoa ushuhuda. Alieleza juu ya wingu la hospitali na wingu la nyuma ya jiko. Wanawake walipiga makofi. Mukai alisema, "Mungu hasahau wajane," na wote wakaitikia amina.

Jambo moja tu lilimsumbua Kasiva, nalo alilisukuma pembeni. Filimbi ya kifua cha Nzisa haikuwa inapungua. Kila alipopanda kutoka mtoni na kikapu cha kahawa, ilisikika mapema zaidi, kutoka chini zaidi. Kasiva akasema moyoni kwamba dawa huanza kwa kuutoa ugonjwa nje.

Mkutano wa wazazi uliitishwa mwisho wa muhula. Kasiva alivaa rinda la mazishi, kwa kuwa ndilo lililokuwa zuri, akabeba kiondo chenye parachichi na ndizi mbivu. Kwapani alibana jogoo mwekundu, aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mtu aliyekupa pumzi hashukuriwi kwa maneno matupu.

Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa naibu mwalimu mkuu, Bwana Kitheka, mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa sababu ya kutazama chini watu wafupi maisha yake yote. Kando yake alikuwa Bi Peris, mkuu wa wale wa utafiti, kijana bado, amevaa raba. Mezani aliweka mfuko wa plastiki, akautoboa, akapanga vitu vyake kimoja kimoja: vya bluu, vya waridi, vya kijani, vingine virefu, vingine vimebinuka kama kokoto za mtoni.

"Kabla sijasema chochote," Bi Peris akasema, "nataka kuuliza wazazi. Hakuna kosa hapa, na sihitaji jina la mtu. Kuna aliyewahi kuona kitu kama hiki nyumbani kwake?"

Watu walinyoosha shingo. Hakuna aliyejibu. Ndipo Kasiva akasimama.

"Mimi nimeona, daktari," akasema. Jogoo alipapatika, akambana. "Mimi ni Mama Nzisa, wa kidato cha tatu. Nimekuja kushukuru. Ile ya bluu ndiyo mlimpa mtoto wangu kwanza, halafu mkampa ya kijani. Mimi mwenyewe ndiye namchajia. Mume wangu alikufa akingoja mashine kama hiyo. Kwa hivyo mnaponiona nimesimama hapa," akamhamishia jogoo kwapa la pili, "jueni kuna mtu anawaombea kila siku. Nimewaletea huyu jogoo."

Kimya kilichofuata hakikuwa cha heshima. Nyuma mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko, kisha kicheko chenyewe kikatoka, kikashika benchi moja, kikashika jingine. Baba mmoja kwenye benchi la tatu, Kisilu, mwenye duka la vyuma, alicheka akijipiga paja.

Bi Peris hakucheka. Uso wake ulikuwa umeingiwa na kitu kama hofu. "Mama, asante," akasema upesi. "Tafadhali keti, tutaongea mimi na wewe baadaye. Mwalimu, naomba hilo lisi..."

Lakini Bwana Kitheka alikuwa ameshainuka. "Mama Nzisa. Hiyo si dawa. Hiyo ni sigara."

"Sigara iko na moshi, mwalimu. Hii ni mvuke."

"Ni sigara ya umeme. Inaitwa vepu. Mtoto wako anavuta sigara, na wewe ndiye unamchajia."

Kasiva alibaki amesimama. Masikio yake yaliyojua kusikia pumzi ya kila mtu ukumbini sasa yalisikia yake peke yake, fupi fupi. Akamtazama Bi Peris, kwa sababu huyo hakuwa amecheka, na akaona kwenye uso wake kwamba ni kweli. Jogoo akachagua wakati huo kuwika.

Walimkalisha kwenye benchi la nje ya ofisi. Baada ya kitambo Nzisa aliletwa kutoka darasani, akaketi upande wa pili wa kiondo. Kwa dirisha lililo wazi walimsikia Bi Peris akiendelea kule ukumbini: kwamba ndani ya mvuke mna nikotini, ile ile ya tumbaku, kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa na nikotini huushika upesi kuliko wa mtu mzima, kwamba harufu ya matunda huwafanya wadhani ni mchezo, kwamba mwenye pumu hujiumiza mara mbili.

"Ni kweli?" Kasiva akauliza.

"Ni kweli, mwaitu."

"Hao hawakukupa."

"Hapana. Walituuliza tu maswali, wakatupima mate na pumzi. Hii nilipata kwa msichana wa bweni. Mara ya kwanza ilikuwa wiki baada ya mazishi. Aliniambia nivute tu, nitalala usingizi."

"Ukalala?"

"Hapana." Nzisa alikuwa anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha. "Lakini kwa dakika moja kichwa kilinyamaza."

Mwalimu mmoja alipita, akamtazama jogoo, akaendelea.

"Mbona hukuniambia, Nzisa? Umeniacha nisimame mbele ya watu kama mwendawazimu."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuja pale nyuma ya jiko ukaniuliza kama ni mashine ya baba. Ulikuwa umefurahi." Sauti ya msichana ilikuwa chini kabisa. "Tangu tumzike sijakuona ukifurahi. Nikasema ndio. Nilidhani nitasema ndio mara moja tu, halafu nitaitupa, na wewe utasahau. Na niliitupa. Niliitupa kwa migomba."

Kasiva akageuka.

"Nilikaa bila siku nne, mwaitu. Kichwa kilikuwa kinapasuka, mikono inatetemeka, nilikuwa natukana watu kwa roho. Lakini nilikuwa nimeweza. Halafu ukaniletea. Umeiosha. Umeichaji mpaka imejaa."

Kasiva alitazama mikono yake. Alikumbuka matope aliyoyachokonoa kwenye tundu la waya kwa mwiba wa mchungwa, polepole, asije akaiharibu. Alikumbuka jinsi alivyoiweka kifuani ipate joto. Upendo wake wote wa mwezi ule, aliouona kama kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, ulisimama mbele yake, na alishangaa kwamba mikono ya mtu inaweza kufanya hivyo, kumrudisha mtoto shimoni huku ikidhani inamvuta nje. Na akamshangaa zaidi huyu msichana, aliyekubali kurudi humo kuliko kumwondolea mamake tabasamu.

Aliukamata mkono wa Nzisa.

Ofisini Bwana Kitheka hakuwaambia waketi. Bi Peris alikuwa amesimama dirishani, mikono imekunjwa.

"Sheria ya shule hii ni moja," Bwana Kitheka akasema. "Mwanafunzi akipatikana na sigara, bangi au pombe, anaenda nyumbani mpaka bodi ikae. Nami sitakudanganya, mama. Bodi ikikaa hairudishi mtu."

"Mwalimu," Bi Peris akasema, "tuliahidi wanafunzi hawa kwamba utafiti hautawaletea adhabu."

"Na sijachukua jina kwenye utafiti wako. Mzazi amesimama mwenyewe akasema mbele ya wazazi wote. Nikinyamaza, kesho watasema Kitheka anafuga wavutaji." Akamgeukia Nzisa. "Kaka zako wako wapi?"

"Sina," Nzisa akasema.

"Baba mdogo? Mjomba? Mtu wa kuja kuzungumza?"

"Nimekuja mimi," Kasiva akasema. "Mwalimu, mtoto alikuwa ameacha."

"Kila mama husema hivyo."

"Alikuwa ameitupa. Mimi nikaiokota. Nikaiosha, nikaichaji, nikamrudishia, nikamgombeza kwa kuitupa. Muulize Mbithi kinyozi. Kama kuna mtu wa kufukuzwa kwa hii kitu, ni mimi."

"Wewe si mwanafunzi, mama. Unamtetea."

"Simtetei. Nakuambia kile kilitokea." Kasiva hakupandisha sauti. "Nilimwangalia akivuta, mwalimu. Nilimwambia avute zaidi. Mara nyingi nimesimama hapo nikihesabu pumzi zake kama muuguzi. Sasa wewe ukimpeleka nyumbani, unampeleka kwa nani? Si kwa huyo aliyekuwa anamchajia?"

Bwana Kitheka alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kabla hajasema kitu, mlango ukabishwa. Alikuwa Kisilu wa duka la vyuma, yule aliyecheka akijipiga paja. Sasa hakuwa na kicheko chochote.

"Samahani, mwalimu. Samahani, Mama Nzisa." Alitoa mfukoni kitu cha waridi, kimebinuka, akakiweka ukingoni mwa meza kama mtu anayeweka yai. "Hii nilipata kwa begi ya kijana wangu. Nilidhani ni flashi ya kompyuta. Niliipeleka saiba wanitolee barua ya chifu."

"Wakakuambia nini?" Bi Peris akauliza.

"Wakasema haifunguki, nirudi kesho."

Nyuma yake, kwenye varanda, alikuwa Mukai wa jumuiya, ameshika leso mdomoni. "Yangu iko nyumbani, kwa sanduku la nguo," akasema. "Ilikuwa inanuka vizuri. Nilidhani ni marashi." Alimtazama Kasiva, akatazama sakafu. "Nguo zangu zote za kanisa zinanuka hiyo kitu."

Na nyuma ya Mukai kulikuwa na wengine. Hawakusukumana. Walisimama kwenye foleni kama ya kliniki, mzazi mmoja baada ya mwingine, hawatazamani, kila mmoja na kitu alichokuwa amekiona nyumbani kwake na kukipa jina jingine. Kasiva aliwaangalia kwa mlango ulio wazi, na nywele za mikono zikamsimama. Muda mfupi uliopita alikuwa mjinga peke yake mbele ya ukumbi mzima. Ukumbi mzima ulikuwa umemfuata.

Bwana Kitheka aliitazama foleni ile mpaka mwisho wake. Mabega yake yalishuka.

"Wote hawa?" akasema, hakuna aliyejua anamuuliza nani.

"Ukimfukuza mmoja, itabidi uwafukuze na wa hawa," Bi Peris akasema taratibu. "Na mwakani nikija kuuliza, hakuna atakayeniambia ukweli, wala wewe."

Bwana Kitheka alivuta kiti, akamsukumia Kasiva. "Keti, mama." Kisha akaenda mlangoni. "Rudini ukumbini. Hakuna mtoto anaenda nyumbani leo. Lakini kila kitu kama hiki kije hapa mezani kabla shule haijafungwa, na kila aliyekuwa nacho atakuwa anaenda kliniki, na mzazi wake yuko nyuma yake." Akarudi, akamtazama Nzisa kwa namna ya mtu aliyechoka. "Nawe ungemwambia mamako."

"Ndio, mwalimu."

"Hata mimi ningekuwa na mama kama huyo, labda ningeshindwa kumwambia," akasema, akatoka.

Bi Peris hakuweza kumpokea jogoo. Kazi yake haikumruhusu zawadi. Alichukua parachichi moja, akasema hilo litapita. Kisha akamuuliza Nzisa kama angekubali kupuliza tena, mama akiona.

Mashine ilikuwa ndogo, na kioo chenye mwanga. Nzisa alibana mrija kwa midomo, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akapuliza. Kwenye kioo mstari ukaruka juu, ukafika kileleni, ukaanza kuteremka, ukayumba, ukakatika kwa kikohozi.

"Hiyo ni nini?" Kasiva akanong'ona.

"Ni pumzi yake, mama."

Kasiva alisogeza uso karibu. Miaka hii yote alikuwa ameisikia; hakuwahi kudhani inaweza kuonekana. Ilikuwa mlima. Ilikuwa na upande wa kupanda na upande wa kushuka, kama kilima cha kwao na mto wake chini.

"Puliza na wewe," Bi Peris akasema, akabadilisha mrija.

Kasiva akapuliza, kwa haya, kisha kwa nguvu. Mlima wake ukachorwa kando ya ule wa Nzisa. Ulikuwa juu zaidi.

"Wake unafaa kuupita wako," Bi Peris akasema. "Yeye ni kijana. Akiacha, na akipata inhela ya kweli, ile ya kuvutia dawa ya pumu, kifua kinaweza kupanda tena. Siwezi kukuahidi mpaka wapi."

"Lakini kinaweza kupanda."

"Kinaweza."

Kasiva aliendelea kutazama milima ile miwili mpaka kioo kikajizima. Alifikiria mlima wa Ndolo, ambao hakuna aliyewahi kuuchora, na jinsi ulivyokuwa siku ile ya mwisho: kichuguu tu. Hakulia. Alikuwa na mshangao mwingi mno, hapakuwa na nafasi ya kulia.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Nzisa alitapika, akavunja kikombe, akamwambia mamake maneno ambayo baadaye aliyaombea msamaha jikoni, amejifunika kanga kichwani. Jogoo, aliyerudi nyumbani akiwa hana kazi, aliwika kila alipopata nafasi.

"Huyu nitamchinja, mwaitu. Naapa."

"Mchinje. Lakini utamnyonyoa mwenyewe."

Hakumchinja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mno kushika kisu, na ilipoacha kutetemeka alikuwa ameshamzoea.

Kliniki walimpa inhela, ya bluu nayo. Kasiva aliigeuza mara nyingi, akasoma kila neno lililoandikwa juu yake, yale anayoyaelewa na yale asiyoyaelewa, kabla ya kumruhusu mtoto aiguse. Mbithi alipanda mpaka nyumbani siku moja, akasimama nje ya ua na kofia mkononi.

"Mama Nzisa, mimi nilijua," akasema. "Siku ile ya kwanza nilijua."

"Najua ulijua."

"Nilishindwa kusema."

"Hata Nzisa alishindwa." Kasiva alimtolea kiti. "Nilikuwa natabasamu kupita kiasi. Keti, unywe chai."

Kahawa ya mwisho ilichumwa likizo ilipokaribia kwisha. Kasiva alibaki juu, kwenye ukingo wa shamba, akichambua buni mbovu. Nzisa alishuka mtoni kuleta kikapu kilichobaki. Njia ile ina kona nyingi na mtu akipanda haonekani mpaka afike kwenye mkatani mkubwa. Lakini Kasiva hakuhitaji kuona.

Kwanza zilikuja nyayo. Kisha, kutoka chini kabisa, pumzi. Ilifika kwenye kona ya kwanza, ambapo mwezi uliopita filimbi ilikuwa inaanza. Kasiva aliacha mikono ndani ya buni. Haikuanza. Pumzi ilipita kona ile nzito, ya mtu aliyebeba mzigo, lakini safi. Ikapanda. Ikafika kwenye jiwe ambapo Ndolo, mwaka wake wa mwisho, alikuwa anaketi akisema anatazama mandhari. Hapo filimbi ilikuja, nyembamba. Nyayo zikasimama.

Kasiva alitaka kuita. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Chini kule, msichana alivuta hewa, polepole, akaishika, akaiachia. Akavuta tena. Filimbi ikapungua. Nyayo zikaanza.

Kasiva akafumba mdomo wake, akazuia hata pumzi yake mwenyewe, isije ikamfunikia ile iliyokuwa inapanda.